Umbo la Mhogo Si Pambo

Tuna methali mbili tunazozitumia kila siku bila kuona kwamba zinagombana. Ya kwanza ni mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili ni samaki mkunje angali mbichi. Ya kwanza yasema asili ndiyo huamua. Ya pili yasema ni malezi. Katika mambo ya kilimo tumezigawa methali hizi kwa namna ya ajabu. Mhogo ukizaa vizuri, tunashika ile ya kwanza na kuisifu mbegu bora. Mhogo ukizaa vibaya, tunakimbilia ya pili na kumlaumu mkulima: hakupalilia, alichelewa kupanda, alichanganya mhogo na maharage. Sifa zote kwa mbegu, lawama zote kwa jembe.

Napinga mgawanyo huu. Naupinga kwa sababu si wa kisayansi, ingawa huvaa joho la sayansi. Naupinga pia kwa sababu unawaumiza watu wa Arua na Koboko, ambako mhogo, gbanda kwa Walugbara, ndio unaojaza chungu nyumba nyingi mwaka mzima. Hoja yangu ni hii: jeni haziamui mavuno na kinga ya magonjwa peke yake. Huamua pia umbo la mmea, yaani urefu wa shina, mahali matawi yanapoanzia na upana wa kivuli. Umbo nalo ndilo linaloamua mkulima atapanda nini chini ya mhogo, atapalilia mara ngapi na atapata vijiti vingapi vya kupanda msimu ujao. Kwa hiyo anayemchagulia mkulima jeni amekwisha kumchagulia na kazi. Asiite mbegu hiyo bora kabla hajamwuliza mwenye kuifanya kazi.

Tuanze na mmea wenyewe. Mhogo hatuupandi kwa mbegu za kweli bali kwa vijiti, yaani pingili za shina zenye urefu wa sentimeta 20 hadi 30. Pingili haina baba wala mama wawili. Ni kipande cha mmea ule ule. Shamba zima la aina moja ni mmea mmoja uliokatwa vipande na kusambazwa. Kwa sababu hiyo mhogo ni mwalimu mzuri kuliko njegere za Mendel tunazokariri kwa ajili ya mtihani. Ukiona mashina mawili ya aina moja yana maumbo tofauti, unajua mara moja kwamba tofauti hiyo haikutokana na kurithi jeni tofauti. Ukiona aina mbili katika tuta moja zina maumbo tofauti, unajua kwamba jeni zinasema.

Tawi la mhogo hutoka wapi? Watu wengi hudhani matawi huchipuka tu, kama ndevu. Sivyo. Shina la mhogo hupanda juu moja kwa moja mpaka ncha yake inapogeuka kuwa ua. Ncha ikishageuka ua haiwezi kuendelea kurefuka, na macho yaliyo chini yake huamka na kutoa matawi, mara nyingi matatu. Kila tawi nalo hurefuka mpaka litoe ua, kisha hugawanyika tena. Basi hesabu ya panda za mhogo ni hesabu ya mara ulizotoa maua. Aina inayotoa maua mapema huwa fupi na pana kama mwavuli. Aina inayochelewa, au isiyotoa kabisa, husimama wima kama mlingoti.

Na nini huiambia ncha igeuke ua? Mimea mingi, mhogo ukiwamo, ina jeni ambayo wataalamu huiita FT. Jeni hii hutengeneza protini katika majani, na protini hiyo husafiri kupitia mishipa ya mmea hadi kwenye ncha na kuipa habari kwamba wakati umefika. Watafiti wamejaribu kuikuza sauti ya jeni ya namna hii katika mhogo, na mmea ukatoa maua mapema ukajaa panda. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu mhogo wa wima na mhogo wa mwavuli, hatuzungumzii sura tu. Tunazungumzia saa iliyomo ndani ya mmea, na saa hiyo hurithiwa.

Lakini saa hiyo husikiliza nje pia. Majaribio yameonyesha kwamba siku ndefu na joto la wastani huuchochea mhogo kutoa maua, na joto kali huuzuia. Arua iko karibu nyuzi 3 kaskazini ya Ikweta, kwa hiyo urefu wa siku haubadiliki sana. Mwinuko hubadilika. Mji wa Arua uko kwenye mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kuelekea Rhino Camp, kwenye ukingo wa Nile, unaingia katika joto jingine kabisa. Pingili moja ikipandwa huku na huko ina kila sababu ya kutoa maumbo mawili. Ndiyo maana anayesema jeni ni kila kitu amekosea sawasawa na anayesema jeni si kitu.

Wakulima wetu wanalijua jambo hili kwa mikono. West Nile imelima tumbaku kwa miaka mingi, Arua na Koboko zikiwa mbele. Mlima tumbaku huvunja kichwa cha ua ili majani yanenepe. Siku chache baadaye machipukizi hutokea kwenye makwapa ya majani, na lazima ayang'oe. Kwa nini yatokee? Kwa sababu ncha ya mmea hutuma chini homoni iitwayo oksini, ambayo huyalaza macho ya pembeni. Ukiivunja ncha umeondoa mlinzi, na macho huamka. Uwezo wa kuamka umo katika jeni. Amri ya kuamka imetolewa na vidole vya mkulima. Watoto wa wakulima hao huja vyuoni, wakafundishwa jambo lile lile kwa Kiingereza na kwa mchoro wa mmea wa Ulaya, wakaandika kwamba wamejifunza jambo jipya.

Sasa nirudi kwenye kazi. Mhogo wa wima huacha mwanga ufike chini. Mwanamke anaweza kupanda karanga, maharage au simsim katikati ya mistari na kuvuna kabla mhogo haujakomaa. Shina lake refu lisilo na panda hutoa vijiti vingi vilivyonyooka, rahisi kufunga mzigo na kuubeba kwa baiskeli. Lakini mwanga ule ule huotesha magugu, na palizi huongezeka. Mhogo wa mwavuli hufunika ardhi mapema, hukandamiza magugu, lakini haukubali jirani chini yake. Hakuna lililo bora kati ya haya mawili kwa kila mtu. Mwenye ardhi kubwa na mikono michache atautaka mwavuli. Mwenye kiwanja kidogo na watoto wengi atautaka mlingoti. Atakayewapa wote aina moja na kusema "hii ndiyo mbegu bora" amekuwa kama fundi aliyeshona suruali ya kipimo kimoja kwa kijiji kizima kisha akawacheka wafupi.

Na viwanja vidogo havikosekani. Tangu vita vya Sudan Kusini vilipowaka upya mwaka 2016, West Nile imepokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu. Wako Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe, wako Rhino Camp na Imvepi, na Koboko ina makazi ya Lobule yanayowahifadhi watu waliotoka Kongo. Familia nyingi zimepimiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Mhogo hupandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, mashina 10,000 kwa hekta. Kiwanja hicho kizima, bila nyumba, hakichukui zaidi ya mashina mia tisa. Toa nyumba, jiko na choo, kinachobaki ni mia chache, hata kama hakuna mboga wala jani la maharage lililopandwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kama tawi la kwanza laanzia magotini au juu ya kichwa si swali la wataalamu wa mimea. Ni swali la kama watoto watakula maharage.

Najua jibu litakalotolewa. Wataniambia: wewe unazungumzia matawi wakati magonjwa yanamaliza shamba; kwanza kinga, umbo baadaye. Jibu hilo lina uzito, na lazima nilipe heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wa batobato uliingia kwa ukali mpya kaskazini ya kati ya Uganda, ukasambazwa na nzi weupe na vijiti vyenye maradhi. Aina iliyopendwa sana na wakulima wa Teso, Ebwanateraka, ilifutika mashambani, na njaa ikafuata. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza kwamba virusi hivyo vilikuwa mseto, vimeunganisha vipande vya virusi viwili vya mhogo vilivyotangulia. Waliookoa mhogo wa nchi hii ni watafiti wa Namulonge na wakulima waliozidisha vijiti vyenye kinga. Sitawabeza watu hao hata kidogo.

Lakini tusome vizuri historia ya kinga yenyewe, maana ndiyo inayonisaidia. Moja ya aina za mwanzo zilizotolewa wakati huo ni NASE 3, ambayo wakulima waliiita Migyera. Ilitoka Ibadan, Nigeria, ikiitwa TMS 30572. Ibadan nayo ilikuwa imepata damu yake kutoka Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika. Huko, katika miaka ya 1930, Storey na Nichols waliuchanganya mhogo na jamaa yake wa porini kutoka Brazili, mti unaotoa utomvu wa mpira. Mti ule ulikuwa na kinga dhidi ya batobato. Lakini ulikuwa mti: machotara ya kwanza hayakuwa na mizizi ya kuliwa. Ikabidi warudishe uzao kwa mhogo mara tatu, kizazi baada ya kizazi, wakitafuta mmea wenye kinga ya mti na tumbo la mhogo. Miaka ya karibuni, wanasayansi waliposoma vinasaba vya mihogo ya Afrika, walikuta vipande vikubwa vya mti ule bado vimo, hasa katika kromosomu ya 1 na ya 4.

Funzo la Amani ni kwamba jeni haisafiri peke yake. Ukivuta kinga unavuta na majirani zake kwenye kromosomu, kama anayevuta uzi wa mkeka akaja na ukili mzima. Kwa hiyo haiwezekani kusema "kwanza kinga, umbo baadaye", kwa sababu umbo huja siku ile ile, ndani ya kijiti kile kile, uulize au usiulize. Kinachobaki ni kuchagua kama tutaliangalia au tutafumba macho.

Batobato inatufundisha funzo la pili, dhidi ya wale wanaoamini kwamba jeni ni hatima. Tazama mhogo mgonjwa karibu na mzima wa aina ile ile. Majani ya ule mgonjwa yamejikunja, yamepungua, yana madoa ya njano, na mmea umedumaa. Jeni zake hazijabadilika hata moja. Virusi vimeingilia utaratibu ambao mmea hutumia kuzinyamazisha na kuziamsha jeni zake, na umbo likaharibika. Hata kinga yenyewe si jiwe. Kuna kinga mashuhuri dhidi ya batobato iitwayo CMD2. Watafiti walipoikuza upya mihogo yenye kinga hiyo kutoka tishu za maabara, waliona mimea mingi imeipoteza. Mwaka 2022 kinga hiyo ilihusishwa na jeni inayosaidia kunakili vinasaba, yaani kazi ya kawaida kabisa ya kila seli. Mambo ni magumu hivyo, nasi tunamwambia mkulima kwamba mbegu ni nzuri, kwa hiyo kosa ni lake.

Wapo pia watakaosema kwamba maumbo yamekwisha kuchaguliwa kwa hekima duniani kote, nasi tufuate tu. Waangalie mtama. Mtama wa asili ni mrefu. Wamarekani waliufupisha kwa kukusanya jeni nne za ufupi ambazo wenyewe huziita Dw, na mojawapo, Dw3, inahusika na usafirishaji wa oksini ndani ya shina. Waliufupisha ili mashine ya kuvuna iweze kupita na kukata masuke yote kwa kimo kimoja. Kwao ilikuwa busara. Lakini nani ana mashine hiyo Koboko? Mwenye mtama mrefu huvuna na bua pia: hujenga uzio, huwasha moto, hulisha mbuzi. Ukimletea mtama mfupi umempunguzia kuni bila kumwambia, na kuni hutafutwa na mama na binti zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tunazo desturi za ajabu katika mijadala yetu. Mwaka 2017 Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa usalama wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba, na Rais akaurudisha. Kelele zilikuwa nyingi pande zote mbili: wengine walihofia sumu, wengine waliahidi wokovu. Wote walibishana kuhusu njia ambayo jeni huingia kwenye mmea. Swali la nani anachagua jeni, na kwa ajili ya shamba la nani, halikupata nafasi. Lakini swali hilo ni lile lile kwa mhogo wa maabara na mhogo wa Amani uliochanganywa kwa brashi na mkono.

Mtu anaweza kuuliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana haki gani ya kuingia shambani kwa watu wa sayansi? Haki yangu iko katika neno "bora". Neno hilo ni letu. Kwa Kiswahili, kitu huwa bora kuliko kingine, na kwa kazi fulani. "Mbegu bora" isiyosema kuliko ipi na kwa kazi gani ni sentensi iliyokatwa mkia. Watu wa lugha wakinyamaza mbele ya sentensi kama hiyo wameacha kazi yao. Tena katika pembe hii Kiswahili si somo la darasani tu. Vijiti vya mhogo havina pasipoti: huvuka kati ya Arua na soko la Ariwara upande wa Kongo, na hupita Koboko, karibu na Salia Musala mahali mipaka mitatu inapokutana. Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mkongomani wanaopatana bei ya kisamvu, au sombe kama wasemavyo ng'ambo, mara nyingi huelewana kwa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa mujibu wa agizo la Jumuiya. Uamuzi huo utakuwa karatasi tu ikiwa elimu ya mhogo haitawafikia kwa lugha wanayouzia mhogo.

Ninachodai si kikubwa. Watafiti wa mhogo hupima kimo cha tawi la kwanza. Ni kipimo cha kawaida cha kazi yao. Kipimo hicho kitoke daftarini kimfikie mkulima pamoja na kijiti: aina hii hugawanyika kwenye kimo gani, mara ngapi, na kivuli chake hufunga mistari baada ya miezi mingapi. Kipimwe Arua mjini, Koboko na kule chini kwenye joto la Nile, kwa kuwa tumeona umbo hubadilika. Kituo cha utafiti cha Abi kipo hapa hapa Arua. Hatuombi kitu cha mbali. Kabla aina haijagawiwa, wanaopalilia waitwe waitazame ikiwa shambani, waseme wangeweka nini chini yake. Zigawiwe aina mbili za maumbo tofauti, si moja, ili mtu achague. Na walimu wetu waweke kando njegere kwa wiki moja tu, watupeleke kwenye tuta la mhogo watuulize: hili ni jeni au ni shamba? Kwa nini?

Baadhi ya watafiti watajibu kwamba mhogo wa wima ni mgumu kuuzalisha, kwa sababu usiotoa maua hauwezi kuchanganywa na mwingine. Ni kweli, na ni jambo la kuvutia: umbo ambalo wakulima wengi wangelipenda ndilo linalowanyima watafiti maua. Ndiyo maana wametumia taa za usiku, kukata machipukizi na dawa za homoni kuulazimisha mhogo wa namna hiyo kuchanua. Nawapongeza. Lakini hapo wenyewe wamekiri kwamba umbo si pambo. Kama lingekuwa pambo wasingehangaika nalo hivyo. Usumbufu wao wanaujua na wanaupima. Usumbufu wa yule aliyeinama na jembe kati ya mistari nao upimwe, uandikwe kwenye karatasi ile ile, kabla neno "bora" halijaandikwa juu yake.